Upinde wa mtumba, mishale ya mwingine

Anayenunua upinde mrefu wa mtumba hapa Nairobi asitarajie kijitabu cha maelezo wala duka la kuurudisha. Mchezo wenyewe upo nchini na una heshima yake: kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, aliyebeba bendera ya Kenya alikuwa mpiga mishale, Shehzana Anwar. Ila pinde za Olimpiki hufunguliwa vipande vipande, zina kilengeo na vyuma vya kutuliza mtikisiko, na aliyezizoea anaweza kukosa la kukuambia kuhusu upinde mmoja mrefu usio na hata tundu la skrubu. Mengi ya haya nimeyapata kwa kupima, kupiga, kupima tena, na kubishana na soja wa ploti yetu, mzee wa Mwingi aliyekua na uta mkononi.

Wangu niliutoa kwa jamaa anayeuza vyombo vya watu wanaohama. Ulikuwa umeegemezwa nyuma ya kabati, kati ya meko ya gesi na raketi za tenisi. Urefu wake ni inchi 68, vibao vyembamba vya mti vilivyobanwa kwa gundi katikati ya tabaka mbili za faibaglasi. Ni ule mtindo wa Kimarekani, mikono yake (nusu mbili za upinde, juu na chini ya kishikio) bapa, wenye kikalio kidogo cha mshale kilichochongwa juu ya kishikio. Si ule wa Kiingereza wa mti mtupu wenye tumbo la mviringo. Ulikuja na mishale sita ya mbao, na karibu na kishikio mtu alikuwa ameandika kwa wino mweupe: pauni 50 kwa inchi 28. Jamaa alitaja elfu tisa, tukamalizana kwa elfu sita.

Kabla sijatoa pesa ilibidi nimshike kiwiko. Alikuwa anataka kunionyesha nguvu ya mali yake, akauvuta na kukaribia kuuachia mtupu, bila mshale. Nguvu ambayo upinde umeiweka hubebwa na mshale. Mshale usipokuwepo, nguvu ile hurudi kwenye mti na gundi, na upinde unaweza kupasuka papo hapo, au ukapata ufa usioonekana utakaofunguka siku nyingine karibu na uso wako. Ukikuta muuzaji anauachia mtupu ovyo, usidhani ndiyo mara yake ya kwanza. Wapo wanaosema upunguziwe bei. Mimi ningeondoka.

Ukaguzi ndio uliochukua muda, na sioni aibu kwamba jamaa alichoka kunisubiri. Kwanza, upote, yaani kamba ya upinde, ukiwa umefungwa, unashika upinde kwa ncha moja na kuutazama kwa jicho moja hadi ncha ya pili, kama fundi mbao anavyotazama ubao. Upote unatakiwa upite katikati ya mkono wa juu, katikati ya kishikio, na katikati ya mkono wa chini. Wangu ulielemea kidogo kwenye mkono wa chini. Mara nyingi hilo hutokana na kufunga upote kwa kupitisha mguu ndani ya upinde na kuukunja kwa paja, mtindo ambao husukuma mkono mmoja upande. Kuelemea kidogo hurekebishika: unauanika juani upate joto, unausokota polepole kuelekea upande wa pili na kuushikilia hapo mpaka upoe. Kuelemea kwingi, uwaachie wenye kutaka pambo la ukutani.

Kisha pamba. Chukua pamba ya kawaida ya dukani, uipitishe taratibu kwenye kila uso na kila ukingo. Panapobakia nyuzi za pamba ndipo penye kibanzi au mpasuko, hata kama jicho halioni. Yangu ilinasa mahali pamoja, ukingoni mwa mkono wa juu, upana wa kidole kutoka kwenye mkato wa kushikia upote. Nilipapiga msasa laini nikiwa na wasiwasi. Kumbe ilikuwa vanishi iliyochubuka tu, na chini yake faiba nzima. Baada ya pamba, ukucha: unaupitisha kwenye mistari ya gundi pembeni, pale tabaka zinapokutana. Tabaka zilizoanza kuachana hukwamisha ukucha, na ukiukunja upinde kidogo panatoa mlio mdogo mkavu. Huo usiununue kwa bei yoyote.

Nilipoufikisha nyumbani, soja aliupokea getini kabla sijautoa kwenye gunia. Akaugeuza, akabonyeza ncha kwa kidole gumba.

"Kijana, hii ni mbao za kuunganisha. Gundi ikiachia unabaki na nini?"

"Nabaki na kuni, mzee."

"Basi uchunge." Kisha akauliza zile pauni 50 ni nini. Nikamwambia ni kama kilo 22 na nusu na ushei, ukivutwa hadi mwisho. Akacheka kwa sauti, akaniambia kwao hiyo ni ya vijana wa kufukuza ndege shambani, na kama nataka kujua upinde ni nini niulize habari za Waata wa upande wa Tsavo. Hapo hakutia chumvi sana. Waata waliwinda ndovu kwa upinde na sumu ya msunguti, na pinde zao zilikuwa nzito kiasi cha kumshinda mtu ambaye hakuzizoea, hadi serikali ilipowaandama katika miaka ya 1950. Siku hizi uwindaji ni marufuku Kenya tangu 1977, na wangu ni wa kupiga magunia. Gunia lenyewe nililijaza vitambaa vya mafundi nguo, vilivyoshindiliwa kwa mguu hadi vikawa vigumu. Hushika mshale vizuri na kuutoa si vita.

Upote uliokuja nao niliutupa. Nyuzi zilikuwa zimekatika karibu na kitanzi, na upote ukikatika wakati umevuta, matokeo ni yale yale ya kuuachia mtupu. Kwa upinde wa mtumba usiojua umri wake, nyuzi za dakroni, aina ya polista, ndizo salama. Hunyumbulika kidogo na kupunguza kishindo kinachofika kwenye ncha. Kuna nyuzi mpya ngumu zinazorusha mshale kwa kasi zaidi, lakini zinahitaji ncha zilizoimarishwa. Kwenye upinde wa zamani zinaweza kupasua mti pale kwenye mikato. Binamu yangu aliniletea kibiringo cha dakroni kutoka Uingereza, nikasokota nyuzi 14, na kuufanya upote uwe mfupi kuliko upinde kwa inchi tatu hadi nne hivi. Katikati, mahali vidole vinaposhika, niliviringa uzi wa fundi viatu. Nta ilikuwa ya nyuki, donge ambalo mzee alilitoa mfukoni bila kuniambia lilitoka wapi.

Cha kufungia upote nacho kilitengenezwa. Fundi wa ngozi pale Kariokor alinishonea kifuko cha kuvaa ncha ya chini na kipande kipana cha kukaa kwenye mkono wa juu, nikaviunganisha kwa kamba ngumu. Unaikanyaga kamba, unainua kishikio, mikono yote miwili inakunjika sawasawa, na upote unateleza kwenye mikato wenyewe. Hakuna paja, hakuna kuelemea. Ni kitu cha shilingi mia chache, na ningekinunua kabla ya upinde.

Sasa ile namba ya wino mweupe. Watu huisoma kama vile ni sifa ya upinde, kumbe ni sifa ya upinde na mkono pamoja. Pauni 50 ni pale unapovutwa inchi 28. Mimi navuta 26. Nilijua hivyo kwa kuvuta mshale mrefu huku rafiki akiuwekea alama ya kalamu mbele ya kishikio. Kipimo cha kawaida cha watengenezaji kinaanzia kwenye upote hadi sehemu ya ndani kabisa ya kishikio, kisha unaongeza inchi 1 na robo tatu. Kila inchi unayopungukiwa hupunguza pauni mbili hadi tatu hivi. Nikaazima mizani ya ndoano kwa mnunuzi wa chuma chakavu, nikaning'iniza upinde kwa upote, nikavuta kishikio chini mpaka alama yangu: kilo 20 na kitu, yaani kama pauni 45. Namba ile iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono mirefu kuliko yangu, na mishale yake sita ilichaguliwa kwa ajili yake pia. Hilo la mwisho ndilo lililonifunza zaidi, nitalifikia.

Kuhusu kimo cha upote, yaani nafasi iliyopo kati ya kishikio na upote ukiwa umefungwa, wazee wa Uingereza walipima kwa ngumi iliyosimamishwa kidole gumba. Kwa pinde kama huu ni kati ya sentimita 16 na nusu na 19. Nilianzia chini, nikawa nausokota upote mizunguko michache ili ufupike, napiga mishale, nasikiliza, nausokota tena. Kimo kikiwa kifupi mno upote hugonga mkono wako na upinde unatetemeka hadi begani; kikiwa kirefu mno mlio unakuwa mkali na mshale unapoteza kasi. Karibu na sentimita 18 mlio ulibadilika, ukawa mzito na mfupi. Nikatia alama ya penseli hapo. Dakroni mpya hujinyoosha, kwa hiyo kimo kinashuka siku za mwanzo, na asiyepima kila anapoanza anaweza kuhangaika na mishale wakati kosa liko kwenye upote.

Mikono yenyewe ya upinde ilinipa kazi ndogo. Unapima kutoka upote hadi mwanzo wa kila mkono. Kwa anayeshika upote kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini, mkono wa juu unatakiwa uwe na nafasi kubwa kidogo, milimita 3 hadi 6. Wangu ulikuwa ndani ya hapo. Nikaacha.

Mahali pa kupachikia mshale kwenye upote pana ujanja wake. Mshale ukikaa kikalioni na kuunda pembe mraba na upote, mkia wake hutakiwa uwe juu kidogo ya mraba huo, kati ya milimita 10 na 13. Nilitengeneza kipimo kwa rula ya chuma na kibao, kisha nikafunga fundo la uzi wa meno juu ya mahali pa mshale. Uzi wa meno una nta, unashika, na unaweza kuuzungusha ukapanda au ukashuka kama nati. Anza juu, kisha ushuke. Sababu ni hii: mkia ukiwa chini mno, mshale hugonga kikalio na kuruka, na unatoka umeinua mkia, dalili ile ile ya mkia kuwa juu mno. Ukianzia chini unaweza kushusha zaidi ukidhani unatibu.

Mambo haya yote yalipokaa sawa, mishale bado ilikwenda kushoto. Tulikuwa kwenye shamba la shangazi yangu upande wa Kamulu, gunia limeegemezwa kwenye tuta la udongo, na hakuna mtu wala ng'ombe nyuma yake. Nilikuwa nimetoa manyoya kwenye mishale miwili ili nipate ukweli, maana manyoya hunyoosha mshale njiani na kuficha ugonjwa. Kwa hatua kama 15, yenye manyoya ilitua kushoto ya katikati, na ile mitupu ikatua kushoto zaidi, karibu shubiri nzima. Usiangalie mkia umeelekea wapi ukiwa umechoma gunia, kwa sababu vitambaa huugeuza; angalia umetua wapi. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mtupu ukienda kushoto mshale ni mgumu mno. Ukienda kulia ni laini mno.

Mzee, aliyekuwa ametumia siku yake ya mapumziko kuja kuona, akauchukua upinde, akaulaza upande kidogo, akapiga mishale ile ile na ikatua katikati. Kwao mshale hukalia mkono wa mpigaji, hakuna kikalio, na mtu hujirekebisha mwenyewe. Aliniambia nimekaa nikitengeneza mbao badala ya kujitengeneza mimi. Sikukubali, na bado sikubali. Aliyeanza akiwa mtoto anaweza kuusamehe mshale mbaya. Mimi nikijizoesha kulenga kulia ili nipate katikati, siku nikibadilisha mishale nitaanza upya.

Ugumu wa mshale unahitaji maelezo. Upinde wa namna hii haujakatwa hadi katikati, kwa hiyo mshale umeelekea pembeni mwa shabaha hata kabla hujaachia. Ukiachia, msukumo wa upote unaukunja, unauzunguka mti wa kishikio na kunyooka upande wa pili. Mgumu haukunjiki vya kutosha, unasukumwa kushoto. Na kadiri kishikio kilivyo kipana, ndivyo mshale unavyohitaji kuwa laini zaidi.

Kuupima si kazi ya mitambo. Nilipiga misumari miwili kwenye ubao, umbali wa inchi 26 kati yake, yaani milimita 660. Mshale unalala juu ya misumari, na katikati unaning'iniza pauni 2, ambazo ni gramu 907. Nilichukua chupa ya maji, nikaipima pamoja na kamba yake kwenye mizani ya jikoni na kumwaga hadi ikafika hapo. Kisha unapima kwa rula mshale umeshuka milimita ngapi. Gawanya 660 kwa namba hiyo, unapata pauni za upinde unaoufaa. Mishale yangu ilishuka kati ya milimita 11 na 12 na nusu. Yaani ilikuwa ya upinde wa pauni 53 hadi 60. Mwenyewe wa kwanza, kwa mvuto wake wa inchi 28, aliimudu. Mimi nilihitaji inayoshuka kama milimita 15.

Nilianza na ncha ya mshale, kwa kuwa ncha nzito huulainisha mshale. Ya zamani ilikuwa na uzito wa gramu 8. Fundi wa leithi kule Kariobangi alinichongea za shaba za gramu 11, zenye tundu la kupokea mti ule ule, nazo nikazigandisha kwa gundi ya moto. Mitupu ikasogea kulia, ingawa si ya kutosha. Halafu nikabandua ile ngozi nene ya ubavuni pa kikalio na kuweka nyembamba, mshale ukakaribia katikati ya upinde. Ikasogea tena. Nilikuwa nabadilisha kitu kimoja, napiga, naandika, ndipo nagusa kingine. Ukibadilisha viwili siku moja hutajua nani alifanya kazi, na kesho utavirudisha vyote.

Kilichobaki nilikimaliza kwa msasa. Mshale wa mbao unaweza kupunguzwa unene, na unene ukipungua kidogo tu ulaini unaongezeka. Niliufunga kwenye drili, nikauzungusha polepole ndani ya msasa uliokunjwa, na kila baada ya muda nikaurudisha kwenye misumari na chupa. Milimita 12. Kisha 13. Ukikaribia 14 unashika msasa kwa vidole viwili tu, kwani mbao haiongezeki. Wakati huo niliikagua pia mishipa ya mti. Kwenye mshale mmoja mistari ilikuwa inakimbilia pembeni badala ya kwenda na urefu. Huo unaweza kukatika ukiachiwa na kuingia mkononi, nikauvunja kwa goti ili mtu asiuokote. Mwingine ulitoa mlio nilipoukunja. Ikabaki minne. Niliipima uzito ikiwa tayari, kila mmoja zaidi ya gramu 29 kidogo, na hapo niliridhika: upinde wa umri usiojulikana haufai kupewa mshale mwepesi, na gramu 29 kwa pauni 45 ndicho kiwango ninachokifuata.

Manyoya yalikuwa ya bata mzinga, kwa kuwa plastiki hugonga kikalio na kuutupa mshale, wakati unyoya hulala na kupita. Nilimwomba muuza kuku anihifadhie ya mabawa. Yote ya mshale mmoja lazima yatoke bawa la upande mmoja, kulia au kushoto, la sivyo kila unyoya unauzungusha mshale kwa njia yake. Muuza kuku aliona ni ushirikina, lakini akanitengea mafurushi mawili.

Mitupu sasa inatua karibu na yenye manyoya, ikielekea kushoto kwa upana wa vidole viwili nikichoka. Kinachonisumbua ni uchache wa mishale. Muuza mbao wa Gikomba amekubali kunipasulia vijiti vya saiprasi, ila katika kila rundo vingi vina mishipa inayokimbia, na anakasirika nikivikataa. Tumeafikiana nivichague mwenyewe kabla hajavikata mviringo, na vile vitakavyoshuka chini ya milimita 13 nivipige msasa nyumbani.